Shemeji anataka kuikata taa ya upepo wa matairi, nami naiogopa safari

Mshauri mpendwa,

Nimesita kuandika kwa sababu jambo lenyewe linaonekana dogo: taa moja ya njano kwenye dashibodi, yenye mchoro kama chungu kilichokatwa katikati, chini kina meno, ndani kina alama ya mshangao. Lakini taa hiyo imetukosanisha nyumbani, na safari yetu ya kilomita 600 pamoja na watoto watatu imebakiza wiki tatu.

Gari lina miaka 9, tulilinunua likiwa limetumika. Taa ilianza miezi miwili iliyopita, asubuhi zilipoanza kuwa za baridi. Nikiwasha gari alfajiri inawaka. Nikiendesha kama dakika 20 inazima yenyewe, na kesho yake asubuhi inarudi. Siku moja nilipita kituo cha mafuta jirani asubuhi na mapema, wakajaza upepo hadi PSI 33 kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, mbele na nyuma. Siku nne sikuiona taa.

Anayelitazama gari letu ni shemeji, kaka yake mume wangu. Hana gereji, ila mikono yake inayajua magari na hajawahi kutudai chochote. Jumamosi ya wiki hiyo tulirudi kwenye mizunguko ya mchana, akapima. Geji ikasoma 37 kwa magurudumu yote isipokuwa la nyuma kushoto, lililosoma 36. Akapunguza yote hadi 33, akasema upepo ukizidi ndio unaowasha taa. Jumatatu asubuhi taa ikawaka tena. Tangu hapo hupima kila Jumamosi tukirudi, anahakikisha yote yana 33, na taa haijaacha mchezo wake. Akahitimisha kwamba mfumo umechanganyikiwa.

Wiki mbili zilizopita tairi la nyuma kushoto likapata pancha. Alipuliza povu la kopo, likashika siku moja, kisha akalitoa gurudumu na kufunga la akiba. La akiba ni saizi ileile, na kwa kuwa halijawahi kugusa barabara alisema ni jipya kuliko mengine, libaki hapohapo. Lenye pancha tumelitupia kwenye buti. Tangu siku hiyo taa imebadili tabia: nikiwasha gari inapepesa kama dakika moja, halafu inabaki imewaka mpaka nizime gari. Nimegundua pia kwamba valvu ya gurudumu la akiba ni ya mpira mweusi, ilhali nyingine tatu ni za chuma zenye nati. Sijui kama hilo lina maana.

Nikaenda kwa fundi wa matairi bila kumwambia mtu. Akaitazama taa, hakupima kitu, akasema sensa zote nne zimekufa, ninunue mpya. Mume wangu alipojua alikasirika, si kwa ajili ya fedha tu bali kwa kuwa nimemzunguka kaka yake. Shemeji mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akasema atafungua dashibodi aikate hiyo taa "ili roho yako itulie". Anasema magari ya zamani hayakuwa na taa hizi na watu walisafiri salama. Mume wangu amekubaliana naye.

Naogopa kusafiri na taa iliyonyamazishwa. Naogopa pia kuonekana sina shukrani kwa mtu aliyetusaidia miaka yote hii. Nikubali, nikatae, au ninunue sensa kimyakimya?

Mama wa Watatu

Mshauri anajibu

Mama wa Watatu, dada yangu,

Barua yako ina mafundo mawili yaliyosukana. Moja ni la taa: inasema nini, na je, inasema kweli? La pili ni la nyumbani: umwamini nani bila kumvunjia heshima mwingine? Naona umejaribu kulifungua la pili kwanza, ndiyo maana linakuumiza. Tuanze na taa, kwa sababu ushahidi wake karibu wote umeuandika wewe mwenyewe.

Umeielezea taa moja, lakini ujumbe ulioupata ni wa aina mbili. Taa hii ikiwaka na kutulia maana yake upepo umepungua katika tairi moja au zaidi. Ikipepesa kwa sekunde 60 hadi 90 kisha ikatulia, maana yake mfumo wenyewe una hitilafu, yaani gari halipati habari kutoka kwenye gurudumu fulani. Miezi miwili iliyopita uliambiwa la kwanza. Wiki mbili hizi unaambiwa la pili. Nyumbani mmeyajadili kana kwamba ni jambo moja.

Nianze na lile la asubuhi. Ile PSI 33 ya kibandikoni ni ya tairi baridi: gari limesimama saa tatu au zaidi, au halijatembea hata kilomita mbili tangu liwashwe. Tairi likizunguka hupata joto, na upepo ulio ndani hupanda PSI 4 hivi, wakati mwingine 6. Kwa hiyo 37 aliyoikuta shemeji Jumamosi ile ilikuwa 33 ya asubuhi iliyopashwa moto na barabara. Ilikuwa sawasawa. Alipoishusha hadi 33 tairi likiwa moto, aliliacha na kama 29 likipoa. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake, kwani kila nyuzijoto 5 au 6 za Selsiasi zinazopungua hula PSI 1, na alfajiri iliyo baridi kuliko mchana kwa nyuzi 11 inachukua PSI 2. Umebaki na 27. Tairi zima lisilo na tundu lolote nalo hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi.

Taa yenyewe huwaka wapi? Kanuni za Marekani, zilizoyafikia magari madogo yote mapya kuanzia Septemba 2007, zinataka iwake upepo ukiwa pungufu kwa robo. Za Ulaya, zilizoyafikia magari mapya yote ya abiria Novemba 2014, zinataka iwake mapema kidogo, kwenye asilimia 20. Kwa 33 yako hiyo ni kati ya 25 na 26. Mnaona mlivyokuwa mnatembea ukingoni? Na lile la nyuma kushoto lilisoma 36 wenzake wakisoma 37, ingawa siku nne tu kabla yote yalikuwa sawa. Huenda msumari ulikuwa umeshaingia, unavuja polepole, na hilo ndilo lililokuwa la kwanza kufika 25 kila alfajiri. Ukiendesha dakika 20 joto linarudisha PSI 3 au 4, taa inazima. Zile siku nne za amani zilitokana na kujazwa upepo asubuhi.

Hapo ndipo hukumu ya yule fundi inapoanza kuyumba. Kihisi, yaani ile sensa ya kupimia upepo iliyo ndani ya gurudumu, kikifa hakiwezi kujua kwamba tairi limepata joto. Taa iliyokuwa ikiwaka kwa baridi na kuzima kwa joto ilikuwa na vihisi vinavyofanya kazi, angalau mpaka siku ya pancha. Simwiti mwongo. Betri ya kihisi hudumu kati ya miaka 5 na 10, imefungiwa humohumo ndani wala haibadilishwi peke yake, na gari lako lina miaka 9. Kubashiri kwamba zinakaribia mwisho si upuuzi. Ila kubashiri na kupima ni vitu viwili.

Sasa kupepesa kwa taa, na ile valvu ya mpira uliyodhani haina maana. Katika mfumo wa gari lako, valvu ya chuma yenye nati kwa kawaida ndiyo inayoshikilia kihisi upande wa ndani wa rimu. Gurudumu la akiba lenye valvu ya kawaida ya mpira mara nyingi halina kihisi. (Nasema mara nyingi, kwa sababu vipo vihisi vinavyofungwa kwenye valvu za mpira.) Gari linasubiri sauti nne, linasikia tatu. Ya nne iko kwenye buti, ndani ya tairi lenye pancha, imelala, kwa maana vihisi hivi huamshwa na mzunguko wa gurudumu. Tena imepakwa povu. Yale mapovu ya kopo huweza kuziba kitundu kidogo ambacho kihisi hupimia upepo. Kikisafishwa mapema aghalabu hupona, kikiachwa mpaka povu likauke matumaini hupungua.

Kuna jambo lingine ningependa ulitazame kwa macho yako kabla ya yote: upya wa lile tairi la akiba. Halijagusa barabara, ni kweli, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2317, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Zisipoonekana upande wa nje, zitakuwa upande wa ndani. Watengenezaji kadhaa wa matairi wanasema miaka 10 ndiyo mwisho hata kama kashata (yale meno ya tairi yanayoshika barabara) zimejaa, na baadhi ya watengenezaji wa magari huanza kuhimiza libadilishwe baada ya 6. Ikiwa ni spea lililokuja na gari, inawezekana ndilo zee kuliko yote manne, nalo ndilo mmelipa kazi ya kubeba mizigo nyuma.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako, nami sitakuchagulia.

Njia ya shemeji, ya kuikata taa. Ana hoja moja ya haki: magari ya zamani hayakuwa nayo. Madereva wao, hata hivyo, walikuwa na geji, na walioipuuza walilipa. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila likizunguka, kujikunja kunazaa joto, na joto pamoja na mzigo na mwendo wa barabara kuu hutenganisha tabaka za nyuzi na mpira kwa ndani, mahali usipoona. Kwa macho tairi la kisasa huonekana zima hata likiwa na 24, na kulipiga teke hakuambii kitu. Kuna na shida ya ufundi: taa hizi siku hizi ni vidoti vilivyochomelewa kwenye bodi moja na mita ya mwendo, kwa hiyo anayeikata anagusa mengine. Akichomoa fyuzi badala yake, katika magari mengi kipokezi cha vihisi ndicho hichohicho cha funguo ya rimoti.

Lakini nawe nikuulize kwa upole: unaamini kwamba kuiacha iwake ndiko kunakulinda? Kwa hali ya sasa taa imeganda. Hata tairi la mbele likishuka leo hadi 22, dashibodi itaonekana vilevile. Umeshaanza kusafiri bila mlinzi, iwe imekatwa au haijakatwa.

Njia ya pili ni kulirudisha gurudumu lile la zamani. Hapa ningekaa zaidi, kwa kuwa kuna namna ya kuliharibu. Mwambie fundi kabla hajalivua tairi kwenye rimu kwamba ndani kuna kihisi karibu na valvu na kuna povu. Asiweke chuma cha kubandulia upande wa valvu, maana kihisi hupasuka kwa pigo moja. Aangalie ndani ya tairi: akikuta unga mweusi wa mpira au mstari uliosagika kuzunguka ubavu, lilitembea bila upepo na halifai kuzibwa. Tundu likiwa kwenye kashata na halizidi milimita 6, lizibwe kwa ndani, kwa kiraka chenye mkia unaojaza tundu. Ile kamba ya mpira inayosokomezwa kutoka nje ni ya kukufikisha nyumbani tu. Tundu likiwa ubavuni au begani, tairi limekwisha. Na kwa kuwa limefunguliwa, abadilishe mpira wa kuzibia kwenye shina la valvu, nati, na kile kipini cha ndani kinachozuia upepo. Kipini kiwe kilichopakwa nikeli. Cha shaba ndani ya shina la alumini huliana nalo, na siku moja hakitatoka. Kwa sababu hiyohiyo, vifuniko viwe vya plastiki.

Likifungwa na kujazwa, endesha dakika 10 hadi 20 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa au zaidi. Kihisi kikiwa hai, magari mengi hukitambua na kuacha kupepesa. Kisipotambuliwa, tafuta mwenye kile kifaa cha mkononi cha kuamshia vihisi. Kinawekwa karibu na valvu na kwa dakika chache kinasoma namba ya kihisi, upepo na, kwa aina nyingi, hali ya betri. Omba uone namba hizo za magurudumu yote. Hapo ndipo utajua kama unahitaji kihisi kimoja, vinne, au hakuna.

Njia ya tatu, ya kununua vinne, ina mantiki yake endapo matairi yenyewe yamekaribia kubadilishwa, kwa sababu tairi likishavuliwa kazi kubwa imeisha. Hatari ni kununua visivyolingana: vipo vya megahezi 315 na vya 433, na gari husikiliza masafa yake tu. Vipya pia vinahitaji kufundishwa kwa gari, isipokuwa fundi anakili namba za vile vya zamani. Ukivinunua kimyakimya, kama ulivyosema, utaweza kuizima taa, lakini Jumamosi ijayo upepo utapunguzwa tena tairi likiwa moto, na Jumatatu itawaka kwa haki kabisa. Sidhani ungependa kuyaanza upya mazungumzo hayo.

Ipo pia njia ya kusafiri kama mlivyo na kufanya kazi ya taa kwa mkono: geji kila asubuhi kabla ya kuondoka. Inawezekana, mradi umri wa lile tairi la akiba unakubali. Inadai nidhamu, na haitakuonya msumari ukiingia kilomita ya 300.

Njia yoyote utakayoshika, namba za asubuhi utazihitaji. Pata geji yenu wenyewe na utumie hiyohiyo siku zote, kwa kuwa geji mbili hutofautiana. Pima kabla gari halijatembea wala jua halijapiga upande mmoja. Ikandamize wima kwenye valvu. Ukisikia mlio wa upepo hukuishika vizuri, rudia. Andika namba nne na tarehe. Jaza mpaka kiwango cha kibandiko, halafu usiguse tena, pima tu kwa siku saba. Yakishuka yote kidogo kwa pamoja, hiyo ni baridi. Moja likishuka PSI 1 au zaidi kuliko wenzake ndani ya wiki, linavuja: mwagia maji ya sabuni mdomoni mwa valvu, kwenye shina lake, ukingoni tairi linapokutana na rimu, kisha kwenye kashata, usubiri mapovu. Likishuka PSI 3 kwa siku moja, lisitoke nje mpaka fundi aliangalie. Soma pia kama kibandiko kina safu ya pili, ya gari lililojaa. Watu watano na mizigo ni gari lililojaa, na namba za nyuma huwa kubwa zaidi.

Sasa shemeji. Umemchora kama mtu anayetaka kukufumba macho. Mimi katika barua yako nimeona mtu aliyepima matairi yenu kila Jumamosi, jambo ambalo wenye magari wengi hawalifanyi hata mara moja kwa mwaka. Kosa lake ni la saa aliyopimia, na hufanywa na watu waangalifu, kwa kuwa mzembe hana hata geji. Yawezekana alitaka kuikata taa kwa sababu ilikuwa inamsuta mbele ya mdogo wake kwa kosa ambalo hakulijua. Je, ingekuwaje ukimwomba akuongoze, badala ya kumwambia amekosea? "Shemeji, Jumapili alfajiri kabla gari halijatoka, njoo tupime pamoja, kisha tupime tena tukirudi." Akiona 33 ikigeuka 37 mbele ya macho yake, hutahitaji kumweleza. Hatari ni kwamba anaweza kulichukua kama mtego, hasa baada ya lile la fundi. Labda hilo la fundi ulitaje kwanza wewe mwenyewe, kwa maneno machache, na mume wako akiwapo.

Na mume wako, nadhani, hakukasirikia sensa. Alikasirika kusikia habari ya gari lake ikitoka nje kabla ya kufika mezani kwake. Ukimwonyesha daftari lenye asubuhi saba, mtakuwa na kitu cha kutazama pamoja ambacho hakimtaji kaka yake.

Kama safari itafika kabla hamjamaliza, pima pia tairi litakalobaki kwenye buti, kwani ndilo husahauliwa. Na taa ikianza kuwaka njiani, usikanyage breki kwa nguvu. Punguza mwendo, toka barabarani mahali tambarare, upime. Ukikuta chini ya 20, badili gurudumu hapohapo. Ukituandikia tena, tuletee zile namba na tarakimu nne za ubavuni.